Kiingilio ni Bure

Treni ya Madaraka ilitufikisha Syokimau mchana, na jua lilipoanza kuteremkia vilima vya Ngong nilikuwa nimesimama Adams Arcade, begi begani, nikimngoja binti wa dada yangu. Matatu zilikuwa zikisimama kwa zamu, makanga wakiita abiria wa tao na wa Ngong. Nyuma ya maduka, upande wa Toi, wachuuzi wa mitumba walikuwa wanaanza kufunga marobota. Maduka haya yanabeba jina la mfanyabiashara Abdul Habib Adam, aliyeyajenga zama za ukoloni, na wenyeji wengi hupanga miadi hapa bila kujua kwamba wanamtaja mtu.

“Shikamoo, mjomba. Umechoka?”

“Marahaba, mwanangu. Sijachoka. Nina siku tatu, na nimekuja kutazama sanaa. Ila pesa zangu ni za nauli na chakula tu.”

“Basi hujapotea. Nyumba nyingi za sanaa hazina kiingilio.”

Nikamuuliza yeye ameziona ngapi. Anaishi karibu na Adams mwaka wa sita sasa, na kazini kwake si mbali na nyumba kadhaa za sanaa. Aliwaza kidogo. “Hata moja. Napita nje, naona bango limeandikwa maonyesho, ni bure, halafu naendelea na safari. Naona kama si za sisi.”

Usiku baba alinipigia simu kutoka Mombasa. Ana miaka 82, na kwa miongo mitatu alikuwa fundi wa vibao Mwembe Tayari. Majina ya maduka, mabasi na vinyozi yalitoka kwenye brashi yake. Nilipomweleza mpango wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Bure? Na hao wachoraji hula nini?”

Swali hilo lilininyima usingizi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na neno bure nimelifundisha kwa miaka mingi. Lugha yetu imelitwika maana mbili. Kitu cha bure ni kisicholipiwa, lakini aliyehangaika bure hakupata faida, na mtu bure ni yule asiyefaa kwa lolote. Maana hizo zinakaa jirani mno. Kisicholipiwa huteleza kwa urahisi kikawa kisichofaa.

Asubuhi ya Ijumaa nilipanda 111 kwenda mjini, na maonyesho ya kwanza yakawa ndani ya gari lenyewe. Dari lilijaa nyuso za wanamuziki, na nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na simba aliyechorwa kwa mpulizo wa rangi, kila unywele wa shingoni ukionekana. Ninakumbuka mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipolazimisha mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu, michoro ikafutwa na barabara zikafanana. Mafundi walisubiri, na rangi ikarudi. Abiria aliyekaa nami alilipa nauli, akatazama dirishani, akashuka bila kumtazama simba. Aliyemlipa mchoraji ni mwenye gari. Nikamkumbuka baba. Mombasa nzima ilisoma herufi zake bila kutoa senti, kwa kuwa mwenye duka alikwisha kutoa.

Niliteremka mjini nikatembea hadi Loita Street. Pale Alliance Française na Goethe-Institut ni majirani wa kuvuka barabara tu. Sijui nilitarajia maswali gani mlangoni. Askari alitazama begi langu, akasema, “Maonyesho? Ingia tu, mzee,” na hapo ndani nikakuta ukumbi wenye picha za mikono. Mpiga picha alikuwa amewaacha watu nje ya fremu akabaki na mikono yao: wa fundi viatu na sindano yake, wa msusi katikati ya nywele, wa mama anayekata sukuma wiki nyembamba kama uzi.

Nilikuwa peke yangu kwa muda. Kisha akaingia kijana tarishi, kofia ya pikipiki kwapani na bahasha mkononi. Alikuwa amekuja kwa shughuli nyingine, nadhani, akakatiza ukumbini. Mbele ya mkono wa fundi viatu alisimama. Alisogea, akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena. Alitazama mkono ule muda mrefu kuliko nilivyoutazama mimi, kisha akaitazama bahasha yake na kuondoka upesi. Hakusaini kitabu cha wageni. Mimi nilisaini, na niliona kwamba siku ile tulioandika tulikuwa wachache.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la baba. Ukumbi huu na ule wa Goethe ng'ambo ya barabara husimama kwa fedha za umma wa Ufaransa na Ujerumani. Kule ndiko aliko mwenye duka. Ninawashukuru kwa moyo, maana vijana wengi wa Nairobi walitundika picha yao ya kwanza katika kuta hizi. Lakini mji wa watu mamilioni unapotegemea nchi za mbali ili wananchi wake waonyeshane mikono yao, kuna wajibu ambao wenyewe hatujaubeba.

Haikuwa hivi kwa kukosa waliojaribu. Mwaka 1965 Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro, na wenzake walianzisha Paa ya Paa hapa Nairobi. Jina hilo nimelitumia darasani mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna mnyama paa na kitendo cha kupaa, na mwanafunzi akilitamka huona kiumbe akiinuka. Miaka michache baadaye ikaja Gallery Watatu, na watatu waliotajwa ni waanzilishi wake: Yony Waite, Robin Anderson na David Hart. Watatu ilidumu miongo mingi katikati ya mji, wasanii wengi wakapata jina kupitia kwake, na leo haipo tena. Paa ya Paa ilihamia Ridgeways, ikapatwa na moto mkubwa mwaka 1997, na Mzee Njau akaendelea.

Nikitafakari majina hayo niligundua jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Nyumba za sanaa za Nairobi zinajiita kwa Kiswahili: Paa ya Paa, Watatu, Kuona, Maasai Mbili, Wajukuu. Mlangoni unaitwa kwa lugha yako. Ukiingia, maelezo ya karibu kila picha ni ya Kiingereza. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya mpwa wangu kupita nje.

Jioni nilipitia Kimathi Street. Mpigania uhuru Dedan Kimathi, wa shaba, amesimama na bunduki mkono mmoja na jambia mkono mwingine, nywele zake zimesukika, na watu wanapiga naye picha. Sanamu hii ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza walipomnyonga katika gereza la Kamiti. Aliyeifinyanga ni Kevin Oduor. Nilimuuliza muuza njugu aliyekuwa karibu kama anajua nani aliitengeneza. “Serikali,” alijibu. Nikamtajia jina. Akalirudia mara mbili ili lisimtoke.

Jumamosi mpwa wangu hakuwa na kazi, na nilimwomba anisindikize. Tulipanda boda boda hadi Dennis Pritt Road, tukaingia Likoni Lane, kichochoro tulivu chenye miti, na mwisho wake kuna Kuona. Ilianza mwaka 1995 ndani ya Makumbusho ya Taifa, ikahamia kituo cha sanaa cha GoDown kule eneo la viwanda, kisha ikaja hapa Kilimani, na hatimaye wasanii wenyewe wakaichukua na kuiendesha kwa umoja wao. Mpwa wangu alipunguza mwendo tulipokaribia lango. Nilimwona akirekebisha mtandio.

Ndani hapana sakafu ya kung'aa. Kuna uwanja wa nyasi wenye sanamu za vyuma na mawe, nyingine zimemalizika, nyingine zinangoja kichwa au mkono, na kuzunguka uwanja huo kuna vyumba na makontena yaliyogeuzwa karakana. Sauti ya mashine ya kukatia chuma ilitoka pembeni. Harufu ya tapentaini ilinirudisha utotoni, kwenye veranda ya baba. Hapa ndipo alipofanyia kazi Oduor wa sanamu ya Kimathi. Hapa pia Dennis Muraguri amechonga mbao na kuchapa kwazo picha za matatu, zikiwa zimejaa na makanga wananing'inia, na picha hizo hununuliwa na watu ambao pengine hawajawahi kupanda 111.

Msanii mmoja alikuwa amekaa mlangoni pa kontena lake akisugua bati kwa msasa. Nyuma yake alisimama mtu wa vyuma chakavu: minyororo ya baiskeli, vijiko, kifuniko cha sufuria. Alimgeukia mpwa wangu, wala si mimi.

“Wewe unaona nini hapo?”

Binti alisita. “Naona nyanya anatoka sokoni. Amebeba kitu kizito lakini hataki kusaidiwa.”

Yule bwana aliweka msasa chini, akageuka kuitazama kazi yake mwenyewe. “Bega,” alisema baada ya muda. “Ni lile bega. Nilikuwa sijui limefanya nini.” Wakaanza kuzungumza, na mimi nikajitenga kidogo ili nisiwakate.

Baadaye nilimuuliza swali la baba, kwa adabu, kama lilivyo. Hakukasirika. Aliniambia kodi ya karakana ni ya kila mwezi, rangi nzuri huagizwa ng'ambo, na wageni wengi hutazama, husifu, hupiga picha na kwenda. Mwezi unaweza kupita. Kisha anakuja mtu mmoja, ananunua kazi moja, na mkono unapumua. “Lakini mlango siufungi,” alisema. “Huyo mmoja atatoka kati ya hao hao wanaoangalia bure.”

Nilimkumbuka Rosemary Karuga, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea sanaa Makerere, aliyerudi kijijini akafundisha kwa miaka mingi. Hakuwa na pesa za rangi. Alichana karatasi za sabuni ya Rexona na za pakiti za unga, akabandika vipande hivyo mpaka vikawa kuku, ng'ombe, wanawake shambani. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021 akiwa na zaidi ya miaka 90. Takataka ya jikoni, kitu cha bure kwa maana zote mbili, ilipata thamani kwa sababu mtu aliitazama kwa muda wa kutosha.

Si kila lango lilikuwa kama la Kuona. Mchana huo, mahali pengine palipokuwa na bango la maonyesho, askari alitutazama kutoka viatuni hadi kichwani akauliza tunakwenda kwa nani. Nilisema tunakuja kutazama picha. Akauliza kama tuna miadi. Nikaonyesha bango. Akasema tungoje, akaingia, na hakurudi. Tulisimama juani robo saa. “Unaona, mjomba,” mpwa wangu alisema polepole, na niliona aibu niliyotaka kumwondolea ikimrudia usoni. Hakuna kiingilio kilichotajwa pale, lakini tulitozwa kitu.

Nilikataa siku iishie hapo. Tulikwenda kwenye Circle Art Gallery, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Danda Jaroljmek, ambaye kabla yake aliongoza Kuona. Tulikaribishwa tukaachwa tutazame kwa nafasi. Nyumba hii ni ya biashara wala haifichi. Kazi ikiuzwa, nyumba hupata fungu lake na msanii lake, na mwaka 2013 ilianzisha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki uliovuta wanunuzi kutoka ndani na nje. Kwa hiyo mnunuzi mmoja ndiye aliyetulipia sisi wawili tulioingia na vumbi la barabara. Mpwa wangu alikaa kwenye benchi mbele ya turubai kubwa la buluu na hudhurungi kwa dakika ishirini. Sikumuuliza anaona nini. Tulipotoka alisema, “Rangi ile ya chini ni ya mto wetu wa Sabaki, mvua ikinyesha bara.” Ni kweli. Mimi nilikuwa nimeona buluu tu.

Siku ya tatu hatukuhitaji gari. Kutoka Adams tulikata katikati ya soko la Toi, kati ya mafungu ya viatu na makoti, tukatokea Makina. Hapa ni kwa Wanubi, wazao wa askari walioletwa na Waingereza, na Kibra, jina lililozaa Kibera, kwa lugha yao maana yake ni msitu. Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa. Tuliuliza njia kwa Maasai Mbili mara tatu, na mara tatu tulielekezwa bila mtu kuuliza tunakwenda kwa nani.

Mwalimu wa sarufi angetaka Wamaasai Wawili. Lakini jina likitolewa na mtaa halisahihishwi, na hili lina kisa chake. Mwaka 2001 mafundi wawili wa vibao, Otieno Gomba na Otieno Kota, walivaa kama Wamaasai wakapita Kibera wakitafuta kazi ya kuchora. Watu waliwaita Maasai mbili, wao wakalishika jina, na karakana yao ikawa nyumba ya wachoraji wengi wa mtaa huu. Mmoja wao, anayejulikana kama Solo7, aliingia mitaani wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati Toi yenyewe ilipoteketezwa ikabaki majivu, akaandika maneno ya amani ukutani, milangoni na kwenye mabati, mahali baada ya mahali. Maonyesho hayo hayakuwa na ufunguzi wala hotuba. Walioyatazama walikuwa na mapanga, na wengine walikuwa wakikimbia.

Jengo limechorwa kuta zote, na ndani picha zimepandana hadi darini. Nilichokiona kwanza ni vibao. Kinyozi mwenye kichwa cha mraba, soda yenye matone ya baridi, sufuria ya maharagwe, vyote vimechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao na mabati, na vyote vimetundikwa kama picha, kwa sababu ni picha. Nilihisi koo limekaza. Maisha yangu yote nilidhani kazi ya baba ilikuwa jamaa wa mbali wa sanaa, jamaa asiyealikwa harusini.

Watoto watatu walikuwa wameketi sakafuni wakichora, na hakuna aliyewafukuza. Mpwa wangu aliketi nao. Nikafikiria wenzao wa Mukuru, upande wa pili wa mji, ambako Wajukuu Art Project imelea watoto hivi hivi kwa miaka. Mwaka 2022 Wajukuu walialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta, ya kumi na tano, kule Kassel, Ujerumani, wakajenga mlango wa mabati kama ya mtaani kwao, na mji ule ukawapa Tuzo ya Arnold Bode. Wageni wa Kassel waliingia kwa tiketi. Mtoto wa Mukuru huona mikono ile ile ikifanya kazi mlango wa pili na kwao, bila tiketi, wala haambiwi na yeyote shuleni kwamba anachokiona kina uzito.

Hilo ndilo nililorudi nalo. Tunapotangaza kiingilio ni bure tunadhani tumefungua mlango, kumbe tumeondoa komeo moja. Yanabaki mengine: lango linalouliza unakwenda kwa nani, maelezo yasiyo katika lugha iliyo mlangoni, na mtu kuamini kwamba kutazama kuna wenyewe. Nami nimejifunza kwamba asiyetozwa ana deni. Akae mbele ya kazi hata kama ana haraka. Ajue jina la aliyeifanya. Aandike lake kitabuni, kwa maana mfadhili husoma kitabu kile. Na siku mfukoni mna kitu, anunue, hata kilicho kidogo.

Nilinunua kibao kimoja, cha ukubwa wa daftari, kutoka kwa kijana aliyekuwa akikikausha mlangoni. Sikuomba punguzo. Kimeandikwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi maneno yanayotundikwa madukani kote pwani na bara: Kukopa harusi, kulipa matanga. Mpwa wangu alinisindikiza hadi Adams, na kabla sijapanda matatu alinionyesha simu yake. Alikuwa ameandika siku na saa ya ufunguzi wa maonyesho ya wiki ijayo, Loita Street. “Nitakwenda na wenzangu wawili wa kazini, mjomba. Nimewaambia ni bure, lakini wavae vizuri na wasiwe na haraka.”

Mombasa nilimkuta baba verandani. Nilimpa kibao bila kusema kilikotoka. Hakusoma maneno. Aliyajua, aliyachora labda mara mia. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa herufi ya K, kule ambako brashi hutetereka ikiwa mkono haujatulia, akafika mwisho, akarudia.

“Huyu hakukimbizwa,” alisema. “Ni kijana?”

“Kijana, baba. Kibera.”

“Umemlipa?”

“Nimemlipa.”

“Alichotaka?”

“Alichotaka.”

Akatikisa kichwa kukubali, akanituma ndani nikalete nyundo na msumari.